Katoni Chini ya Rover

Kibaya chajiuza, chema chajitembeza. Ndivyo walivyosema wapenzi wa magari ya Kiingereza wa mji wa madini wa Likasi, na walisema bila kucheka. Toyota, walieleza, huuzwa kwa siku moja kwa mtu ambaye hata boneti hajaifungua. Gari jema halina mnunuzi. Gari jema lazima ulitembeze mbele za watu, ulieleze, ulitetee, na mara nyingi ulisukume.

Walikuwa wanne. Kila Jumapili, misa ya pili ikishatoka, waliegesha nyuma ya parokia, kwenye kivuli cha ukuta, wakafungua boneti. Germain, fundi mstaafu wa reli, alikuwa na Hillman ya kijani. Magloire, muuguzi, alikuwa na Austin ndogo ambayo mlango wake mmoja ulifungwa kwa mshipi wa suruali. Émérence alikuwa na Morris ya kijivu aliyoachiwa na baba yake, marehemu Théodore, aliyekuwa fundi wa magari. Na Séraphin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mwenyekiti wa baraza la parokia, alikuwa na Rover 90 nyeusi ya mwaka 1955. Alikuwa pia rais wa kikundi. Hakuna aliyekumbuka uchaguzi.

Magari yote manne yalivuka mpaka zamani, wakati upande wa Zambia ulipokuwa bado chini ya Waingereza, na ndiyo maana usukani wake uko kulia katika nchi ambayo magari hupita kulia. Dereva wa gari la namna hiyo hukaa kando kabisa ya barabara, upande wa watembea kwa miguu, karibu nao kiasi cha kununua karanga bila kushuka. Wenyewe waliona ni faida.

Waliona faida katika mambo mengi. Betri za magari hayo zimefungwa kinyume: upande wa chanya ndio unaoshikana na chuma cha gari, na mafundi watatu wa mjini walishaunguza nyaya kwa sababu hawakuamini. Morris haina taa za kuonyesha kona. Ina mkono mdogo mwekundu unaochomoza ubavuni kama mtoto anayejua jibu darasani. Pampu yake ya petroli hupiga tik, tik, tik kabla ya injini kuwaka, na ikinyamaza unaigonga kwa kisigino cha kiatu. Bolti zake hazikubali spana za milimita. Zinataka spana za Whitworth, ambazo namba yake haipimi kichwa cha bolti bali unene wa shina lake. Likasi nzima ilikuwa na seti moja tu ya spana hizo, na ilikuwa ya Émérence.

Rover ilikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa nacho. Chini ya dashibodi kulikuwa na kitasa kidogo, nao walikiita roue libre. Ukikizungusha, kila unapoinua mguu kwenye mafuta injini huachana na magurudumu, na gari huteleza lenyewe mteremkoni kama baiskeli. Halingurumi. Breki zake ndizo peke yake zinazolishika, kwa kuwa injini haisaidii. Séraphin alipenda kushuka hivyo barabara ya Buluo asubuhi, akienda kwenye tanuru lake la matofali. Alisema ni kama kuketi ndani ya sala.

Gari la Kiingereza huvuja mafuta. Lisipovuja, mafuta yamekwisha. Kwa hiyo kikundi kilikuwa na desturi yake. Kila mmoja alikuja na kipande cha katoni, akakisukuma chini ya injini, na baada ya saa mbili katoni zote zilitolewa, zikapangwa ukutani, zikasomwa. Doa la nyuma lilimaanisha kamba ya kuzibia mafuta kwenye krankishafti, kwa kuwa Waingereza waliweka kamba mahali ambapo wengine waliweka mpira. Doa la mbele lilimaanisha kifuniko cha mnyororo. Mwenye doa dogo kuliko wote aliondoka na kikombe, yaani kifuniko cha gurudumu la Austin kilichosuguliwa kwa majivu. Kwa miaka tisa kikombe kilikwenda kwa Séraphin. Katoni yake ilitoka kavu kama ilivyoingia. Wenzake walimheshimu kwa hilo, na walimshuku kidogo.

Ijumaa moja ya mwezi wa tano, saa kumi na mbili asubuhi, Alphonsine, mdogo wake Émérence, aligongwa kwenye barabara ya Buluo. Alikuwa amebeba beseni la mikate kichwani. Kila Ijumaa aliwauzia wanawake wanaowapelekea waume zao chakula gerezani. Wanawake hao ndio waliomkuta. Walimfunika kwa vitenge vyao, wakaokota mikate, na mmoja akabaki naye mpaka jua lilipopanda. Beseni lilikuwa mbali sana, ndani ya nyasi, limesimama wima.

Inspekta Jeancy alikuja na daftari. Aliandika kwamba ni lori. Hakuna aliyeuliza kwa nini, kwa kuwa malori ya madini hupita mchana na usiku, na kila mtu alikuwa na mtu wake aliyeuawa na lori. Séraphin alitoa jeneza kutoka dukani kwake, mbao safi zisizo na kifundo, na misumari ya shaba. Katika mazishi alishika kamba moja ya kuteremshia jeneza. Alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Watu waliokuwa karibu walisema hivyo.

Mama yao, Viviane, alikataa matanga yaishe. Alisema mkeka hautakunjwa mpaka jina la dereva litajwe mbele yake. Tangu siku ile alikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, kando ya barabara, na kila lori lililosimama kununua maji alilifuata.

"Mwanangu, njo weye uliuaka mutoto yangu?" aliwauliza madereva.

"Hapana, mama," walijibu, nao walivua kofia. "Haiko minye."

"Sawa. Endesha polepole."

Jumanne, siku ya tatu baada ya mazishi, Séraphin alileta Rover nyumbani kwa Émérence. Taa ya mbele ya kulia ilikuwa imevunjika na bampa imepinda kidogo.

"Mbuzi," alisema. "Ku njia ya Kambove. Émérence, najua muko ku matanga. Mais hii taa, ni weye tu."

Na kweli ni yeye tu. Katika sanduku la marehemu baba yake kulikuwa na taa moja ya namna ile, mpya, imefungwa katika gazeti la Ndola la miaka sitini iliyopita. Émérence alikuwa ameketi kwenye mkeka siku nne. Alikuwa hajala kitu chenye chumvi. Alipolifungua lile gazeti na kioo kikashika mwanga wa mlangoni, kitu kilisogea ndani ya kifua chake, na alijua kwamba ni furaha. Aliinuka, akachukua spana.

Kazi ilichukua saa tatu. Mwenye msiba hashiki chombo cha kazi kabla mkeka haujakunjwa, hata sindano. Lakini Émérence alijiambia kwamba kukarabati taa ya mtu aliyetoa jeneza ni sehemu ya msiba. Alinyoosha bampa. Aling'oa vipande vya kioo kimoja kimoja. Ndani ya bakuli la taa aliona unga mweupe, mwembamba, umeganda kwenye kona. Alidhani ni chokaa ya dukani kwa Séraphin, akaupuliza. Alifunga pete ya taa, skrubu moja baada ya nyingine, na alipokuwa akiirekebisha ili mwanga uangukie mahali pake alianza kupiga mluzi.

"Unapiga mluzi mu matanga ya mudogo wako?" mama yake alisema kutoka kwenye kiti.

Émérence aliukata mluzi. Séraphin aliwasha taa. Ikawaka ya manjano, tulivu, sawasawa na mwenzake wa kushoto.

"Papa yako angefurahi," alisema Séraphin, naye Émérence alishukuru kuambiwa hivyo.

Jumapili iliyofuata Rover ilivuja.

Germain ndiye aliyeona kwanza, kwa kuwa alikuwa amepiga magoti akitafuta kofia yake. "Muye muangalie!" alipaza sauti. "Président eko navuja! Miaka tisa, leo eko navuja!"

Walipiga makofi. Magloire alimpa Séraphin mkono. "Félicitations, mukubwa. Sasa iko Mungereza wa kweli."

Séraphin alicheka, akafuta paji la uso kwa leso. Katoni ilitolewa saa yake ilipofika na kuwekwa ukutani. Mafuta hayakuwa yameanguka mahali pamoja. Yalikuwa yametengeneza duara kubwa lenye ukingo mnene, na pembeni sikio moja. La pili halikuwepo.

"Ni ya moteur ao ya boîte ya gia?" aliuliza Magloire.

"Ya moteur. Angalia ile rangi. Ni kamba ya nyuma, nilisema zamani," alijibu Germain.

"Kamba inatoa doa moja. Hii iko duara."

"Gari ilikuwa natetemeka."

Mama Chérie, aliyekuwa akiuza karanga kwenye lango la parokia, alipita na ungo wake. Aliitazama katoni. "Iko beseni," alisema, akaendelea na safari yake.

Waliangalia tena. Ilikuwa beseni. Germain aliandika katika daftari la kikundi: Rover, mafuta ya injini, kiasi cha kijiko kimoja, umbo la beseni. Kikombe kilikwenda kwa Magloire, ambaye alikosa pa kukiweka.

Jumapili ya pili Rover ilichora miguu miwili ndani ya kandambili, na kandambili ya kushoto ilikuwa imefungwa kwa waya. Jumapili ya tatu ilichora kitenge, na ua lake lilikuwa lile la sikukuu ya wanawake ya mwaka jana, hata ile kasoro ya kiwanda ambapo petali moja imerudiwa mara mbili. Tone lilianguka kila baada ya dakika moja hivi. Lilijikusanya chini ya injini, likasogea kidogo kushoto au kulia kama mtu anayechagua pa kukaa, kisha likadondoka. Watu waliotoka misani walianza kubaki kuangalia. Walinunua karanga. Wengine walitoa maoni kuhusu kitenge, kwamba mshonaji alikuwa ameokoa kitambaa kwenye pindo.

Kikundi kilijadili. Magloire alipendekeza mafuta mazito zaidi. Germain alipendekeza kubadilisha kamba. Séraphin alijaribu yote mawili. Alijaribu pia kuja bila katoni, lakini wenzake walimkumbusha desturi, na desturi hiyo alikuwa ameiweka yeye mwenyewe.

Émérence alilijua beseni na alizijua kandambili za mdogo wake, na kitenge kile ni yeye aliyekinunua. Alijiambia kwamba Alphonsine amekuja kumsalimia dada yake, na amechagua Rover kwa kuwa Morris inavuja ovyo na haiwezi kuchora. Wazo hilo lilimtosha kwa wiki tatu. Alikwenda nalo kitandani na kuamka nalo.

Jumapili ya nne Rover ilichora uso.

Ilianza na kidevu, ikapanda. Midomo, pua, shavu. Saa tano na nusu jicho la kwanza lilikuwa tayari. Kisha tone moja lilichelewa sana, likaning'inia, likaanguka juu ya nyusi ya kulia, na kutoka kwenye tone hilo mstari mfupi ukatiririka na kuikata nyusi katikati.

Alphonsine alipata kovu lile akiwa na miaka kumi na miwili. Betri ya Morris ilikuwa imekufa, na baba yao alikuwa akiwafundisha kuwasha gari kwa manivela, ile fimbo ya chuma unayoichomeka mbele na kuizungusha. Aliwaambia kidole gumba kisizunguke fimbo, kwa sababu injini ikikataa fimbo hurudi nyuma na kuvunja mkono. Alphonsine aliweka kidole vizuri. Ila aliinama mno, fimbo ikarudi, ikampasua nyusi. Aliyekuwa ndani ya gari, aliyevuta choki, kitasa cha kuongeza petroli, kupita kiasi, alikuwa Émérence.

Uso ulikuwa unatazama juu na kulia. Haukuwa na hofu. Ulikuwa na sura ya mtu anayesalimiwa na mtu anayemfahamu, ambaye bado hajaamua ajibu nini.

Émérence alisimama. Aliangalia taa ya kulia ya Rover. Aliangalia usukani nyuma ya kioo, upande uleule wa kulia. Aliona tena akilini unga mweupe kwenye kona ya bakuli, na aliona mdomo wake mwenyewe ukiupuliza. Alphonsine alikuwa akinyunyiza unga chini ya mikate ili isishikane kwenye beseni. Alifanya hivyo kila Alhamisi jioni, jikoni, mbele yake, kwa miaka kumi na minne.

Alivitazama vidole vyake kama vyombo ambavyo mtu amevisahau nyumbani kwake.

"Ba Séraphin," alisema. "Ile mbuzi, mwenyewe alikuwa nani?"

"Mbuzi gani?"

"Ile ilivunjaka taa."

Séraphin alitazama katoni. Alikuwa na leso mkononi, akaikunja mara mbili, akairudisha mfukoni.

"Haikukuwa mbuzi," alisema. "Na haikukuwa Kambove."

Mama Chérie aliacha kumenya karanga.

"Nilikuwa nashuka Buluo mu roue libre," aliendelea Séraphin, kwa sauti ileile aliyotumia kusoma matangazo ya parokia. "Munajua vile inafanya. Moteur iko kimya. Yeye hakusikia. Minye nilimuona muzuri, usukani yetu si iko upande wa batembezi? Nilimusalimia hata. Nilisema yambo, Alphonsine. Akageuka. Breki zikakataa."

"Na ukasimama?"

"Nilisimama."

"Wapi?"

"Kule chini, ku daraja. Kwa kuangalia taa." Alimgeukia Germain, kama mtu anayetaka kueleweka na mwenzake. "Zile taa haipatikane tena. Unajua."

Germain alijua. Kichwa chake kilikubali kabla yeye mwenyewe hajakizuia.

"Halafu nilisikia batu banakuya," alisema Séraphin. "Nikaona haiko peke yake. Nikaenda kazini. Na sanduku, njo nani alitoa? Mbao haina hata kifundo."

Ilikuwa kweli kwamba mbao hazikuwa na kifundo. Magloire aliinama kufunga kamba ya kiatu chake, ambacho hakikuwa na kamba. Watu waliokuwa wakitazama walitazama bado, midomo wazi kidogo, na hakuna aliyemwangalia mwenzake. Baadaye walisema kwamba jambo lililowapiga halikuwa mafuta. Mafuta huchora anachotaka Mungu. Ni lile daraja. Kutoka pale Alphonsine alipoangukia hadi darajani ni mwendo wa mita mia mbili, na katika mita zote hizo Rover ilikuwa ikiteleza kimya, na mtu aliye ndani alikuwa akifikiria kioo.

"Sasa ile kamba ya nyuma," alisema Germain hatimaye, kwa sauti iliyotoka vibaya, "tutaibadilisha siku kani?"

Émérence alichukua katoni. Hakuikunja. Aliiweka bapa juu ya kichwa chake, kama beseni, na alitembea nayo mpaka nyumbani, akiiacha Morris pale ilipo.

Mama yake aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu.

"Amekonda," alisema. Kisha akasema, "Nani?"

"Séraphin."

Viviane alikaa kwenye kiti chake. Lori moja lilisimama kununua maji, na yeye hakuinuka.

"Na ile taa, njo nani aliifunga?"

"Minye."

"Ulikuwa napiga mluzi."

"Ndiyo, mama. Pardon. Naomba pardon."

Mama hakusema amesamehe wala hajasamehe. Aliingia ndani, akatafuta misumari, akaigongomea katoni ukutani juu ya mkeka. Mkeka haukukunjwa. Jina lilikuwa limetajwa, lakini halikuwa limetajwa na mwenye nalo mbele yake.

Jumatatu Émérence alizichukua parokiani katoni ya kitenge na ile ya miguu, akazipeleka kwa Inspekta Jeancy. Alieleza yote, na akawataja watu ishirini waliosikia. Jeancy alizisoma katoni kwa makini. Alisema kazi ni nzuri sana, na miguu hasa imekaa vizuri. Lakini dossier, yaani faili la kesi, ilishafungwa. Ndani yake mlikuwa na lori.

"Lori halikuwepo," alisema Émérence.

"Dada, lori iko mu dossier. Nikiitoa, nitaiweka wapi?" Alimrudishia katoni. "Na mafuta haina signature."

Alikwenda kwa padri, naye akamwambia asali. Émérence alikuwa anasali tayari. Alikwenda kwa wale wanawake wanaopeleka chakula gerezani, na wao walimwamini mara moja, lakini kuamini kwao hakukuwa na mahali pa kupelekwa.

Jumapili ya tano magari manne yalikuwa nyuma ya parokia kama kawaida, kwa kuwa Morris ilikuwa haijaondoka tangu wiki iliyopita. Rover ilikuwa imeshaanza kudondosha. Katoni ilikuwa chini yake, na watu walikuwa wameshanunua karanga. Émérence alifika akiwa na mfuko wa spana. Hakumsalimia mtu. Alipiga magoti mbele ya taa ya kulia, akafungua skrubu za pete, akaitoa pete, akaitoa taa kwa mikono miwili, akaichomoa waya. Kisha akailegeza bampa aliyoinyoosha, na kwa goti lake akairudisha ilivyokuwa imepinda. Hilo lilichukua muda, kwa sababu chuma cha zamani ni kizito. Hakuna aliyemzuia. Spana zilikuwa zake.

"Ile taa niliiomba kwa heshima," alisema Séraphin. "Na ulinipatia kwa roho yako."

"Ndiyo."

"Sasa unaiba mbele ya kanisa?"

Émérence alikuwa akiifunga taa katika gazeti la Ndola. Alilifunga kwa mikunjo ileile ya baba yake, akaliweka kwenye kiti cha nyuma cha Morris. Pampu ilikuwa imenyamaza. Alivua kiatu, akaigonga kwa kisigino. Tik, tik, tik. Morris iliwaka. Mkono mdogo mwekundu ulichomoza ubavuni kuonyesha kwamba anakata kushoto, na akakata kushoto.

Kikundi kilikutana bila yeye. Kiliona kwamba kuna makosa mawili. La kwanza lilikuwa la Séraphin, nalo lilishakubaliwa na mwenyewe mbele ya watu, kwa hiyo limekwisha. La pili lilikuwa la Émérence, nalo lilikuwa bado wazi: alinyofoa kifaa cha gari la mwenzake katika eneo la parokia, akamwaibisha rais. Iliamuliwa aombe radhi. Akiomba, mahali pake ukutani pataendelea kuwa pake.

Hayo yalikuwa mwezi wa saba. Tangu hapo Rover haijaacha kuchora. Alphonsine ameshakamilika, na sasa kila Jumapili inamchora mzima, na beseni lake, na siku nyingine mikate inaonekana. Mistari ni safi kuliko mwanzo, kwa kuwa kamba ya nyuma inazidi kulegea. Wanawake wa parokia wamezoea kuomba katoni hizo. Wanazitundika jikoni, na wakipita asubuhi wanasema yambo. Séraphin bado ni rais, na bado anasoma matangazo. Anaendesha na taa moja. Kila Ijumaa, saa kumi na mbili, anashuka barabara ya Buluo katika roue libre. Wale wanaopeleka chakula gerezani wamejifunza kugeuka nyuma kila hatua kumi, maana hawatasikia kitu.

Waliotumwa kuchukua radhi walikuwa Germain na Magloire. Walimkuta Émérence amelala chini ya Morris, miguu nje, spana ikigonga chuma. Mama yake alikuwa kwenye kiti chake, akitazama barabara.

"Émérence," alisema Germain. "Mwanangu. Ni neno moja tu. Sema, inaisha, unarudia ku kikundi. Bila spana yako hii magari yote itakufa."

Spana iligonga mara mbili.

"Président haombe mingi," aliongeza Magloire. "Hata hapa hapa, kwetu. Tutamupelekea."

"Ba Germain," sauti ilisema kutoka chini ya gari. "Pardon yangu ilikuwa moja. Nilishaka kumupatia mama, juu ya ule mluzi."

Tone la mafuta ya Morris lilianguka kwenye udongo na kutengeneza doa, doa tu.

"Na ya président?" aliuliza Germain.

"Haina. Sitaomba."